Baibín Ní Ghaora na Wimbo wa Beairtle

Mpendwa wetu Baibín Ní Ghaora alizaliwa tarehe 3 Februari 1938 hapa Carna, kaunti ya Galway, akiwa mtoto wa tano wa mkata mwani Máirtín Ó Gaora na mkewe Neans, na kwa jinsi alivyokuwa akilia, babu yake alisema nyumba ile imepata mwimbaji au mgomvi, na kusema kweli ilipata wote wawili.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1943 hadi 1951, hesabu zikampiga chenga, lakini wimbo wa beti kumi na nane aliushika kwa kuusikia mara mbili tu. Mwaka 1956 aliajiriwa katika kiwanda cha mwani, akajaza magunia kwa miaka thelathini na mitano, na tarehe 12 Juni 1961 alifunga ndoa na fundi mashua Tomás Ó Loideáin, aliyetutangulia mwaka 2003, wakajaliwa watoto watatu, Máire, Sonaí na Ciarán.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Cáit, mjane ambaye mwanawe Beairtle alizama Oktoba 1959 akitega kambakoche baharini, naye akamtungia wimbo wa maombolezo, na kwetu wimbo wa aliyezama ni mali ya mama yake, hauimbwi na mwingine bila ruhusa. Kila Cáit alipouimba jikoni, Baibín ndiye aliyemshika mkono na kuuzungusha taratibu, kama tunavyomtia nguvu mwimbaji, na hivyo wimbo ukamwingia pasipo kufundishwa.

Oktoba 1971 alikwenda Dublin kwenye mashindano, na mbele ya umati ule akajisahau, akauimba wimbo wa Beairtle, akapata tuzo ya kwanza, na redio ikaurusha saa ileile Cáit akikanda mkate. Aliporudi na kikombe chake Cáit hakumfungulia mlango, alimwambia kupitia dirishani, "Mwanangu alizama mara moja, Baibín, wewe umemzamisha tena nchi nzima ikisikiliza."

Baibín aliandika barua redioni akiomba kanda waliyorekodia wimbo ule ifutwe, nao wakamtii, na tangu siku hiyo hakuimba tena, si hadharani si jikoni. Watafiti walikuja na mashine zao za kurekodi nyimbo kutoka vyuo vikubwa, akawapa chai na mkate wa soda, akawaeleza habari za mvua mpaka wakaaga wenyewe. Cáit alifariki mwaka 1984 bila kuitikia salamu yake hata moja, na jambo hilo lilimuuma shangazi hadi mwisho, sisi watoto wa kaka yake tuliliona.

Machi 2016 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akafanyiwa upasuaji huko Galway, uhai ukabaki, sauti ikaenda. Januari mwaka huu wa 2017 alitembelewa na Peige, binti wa Cáit, aliyehamia Boston kabla kaka yake hajazama na ambaye hakuwahi kuusikia wimbo ule, naye hakuwa na habari za upasuaji, akaketi kitandani, akamshika mkono na kumwambia, "Mama alikunyamazisha mno, dada yangu. Ninakupa ruhusa. Niimbie Beairtle."

Baibín akageuza uso ukutani, kama waimbaji wetu wafanyavyo, midomo ikaenda ubeti kwa ubeti, Peige akiuzungusha ule mkono na machozi yakimtoka, wala hapakusikika kitu. Tulimpa karatasi, akaandika mistari miwili, kalamu ikamshinda. Alifariki tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, na mtu mwingine aujuaye wimbo huo hatunaye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi na kutupikia, wenzake wa kiwandani, na zaidi Peige, anayerudi kwake na mistari miwili ya kaka yake bila kumlaumu yeyote. Shangazi, pumzika sasa, umenyamaza vya kutosha.