Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Mheshimiwa Chifu Malindima, mwenye ardhi hii na wote waliolala ndani yake. Mwalimu Mkuu Falesi Gondwe wa Shule ya Msingi Kamphinda. Wazee wa kanisa. Wachimba kaburi wenzangu. Mama zangu, baba zangu. Na ninyi wanafunzi mliokaa hapo mbele, udongo bado haujawatoka miguuni: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Nimeambiwa nitoe shukrani, na nisichukue muda. Mimi Lafukeni Chidothi shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa.

Wanafunzi, nianze na ninyi. Nani kati yetu aliamini kwamba watoto wataingia makaburini? Sisi tulikua tukiambiwa, mtoto ambaye hajazika hana njia ya kwenda kule. Mwalimu Gondwe alipoomba ruhusa mwende mkachimbe mashimo ya kupanda miti upya, mimi ndiye niliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Chifu akasema, "Waache waende, Lafukeni. Sisi wakubwa tumewafaa nini wale waliolala?" Akawaagiza wapige hodi pale penye njia, wanyamaze kidogo, ndipo waingie. Mtoto mmoja akauliza, "Chifu, tutajuaje kama wamesema karibu?" Akajibiwa, "Ukisikia karibu, mwanangu, kimbia."

Tulicheka. Lakini mkapiga hodi kila siku, mkanyamaza, na mimi niliyesimama nyuma yenu nilikuwa nasikiliza kuliko ninyi.

Mlikuta uwanja mtupu. Hamkuujua msitu uliokuwepo. Kwetu hatuweki jiwe wala jina. Tukimaliza kufukia, mchimba kaburi anachomeka kijiti cha mkuyu upande wa kichwa, kinashika mizizi, kinakuwa mti, na mti huo ndio jina. Mtu alikuwa anasema, "Baba yangu ni ule ulioinama." Basi. Inatosha.

Halafu miti ikaisha. Mvua ikasawazisha matuta, ikavisukuma vile vikombe na sahani tunazotoboa na kuwaachia marehemu, vyote vikarundikana kwenye korongo. Mnakumbuka mluzi ule? Mchana kweupe, jua la utosi, hakuna jani linalotikisika kijijini, na kule korongoni vikombe vinapiga mluzi. Mama mmoja alinipita na ndoo kichwani akasema, "Kaka Lafukeni, wewe si ndiye mlinzi wa makaburi? Nenda kawaulize wanataka nini." Nikacheka. Sikwenda.

Na Bibi Nasibeko, ambaye leo tumemweka kwenye kiti cha mbele. Mwanawe wa pekee, Tamandani, yuko kule. Tangu miti ilipoisha bibi huyu anavua viatu akifika makaburini na anauzunguka uwanja pembeni, peku, hata udongo ukiunguza. Haingii. Watoto walimwuliza kwa nini. Akasema, "Sijui mwanangu yuko wapi. Nisije nikamkanyaga." Juzi alinishika mkono akaniambia, "Lafukeni, nimechoka. Mtanizika karibu naye, lakini karibu naye ni wapi?"

Nikamwambia sijui.

Mwalimu Mkuu, umesema hapa muda mfupi uliopita kwamba bila Mzee Chidothi hata uwanja ule usingebaki. Watu wakapiga makofi. Makofi hayo naomba myachukue tena; siyastahili.

Nilikuja kwako, Chifu, nikilia machozi kwamba wachoma mkaa wa barabarani wamemaliza makaburi. Uliniamini. Ni kweli walikuja, wakachoma magogo, wakachimba hata visiki. Lakini magogo waliyakuta chini. Aliyeyaangusha ni mimi.

Mwaka ule tumbaku ilinikubali kuliko miaka yote, na sikuwa na banda la kuianikia. Mlima una askari wa misitu. Makaburini haendi mtu mpaka pawe na msiba, na mlinzi ni mimi, nani angeniona? Kila mti nikachukua nguzo moja. Na kwa kuwa sote hapa tunajua mkuyu mbichi ukichomekwa ardhini unachipua, nikafanya tunavyofanya kwenye nyua: nikazichomeka kichwa chini, ncha ardhini, shina juu. Mti uliogeuzwa hauchipui. Si ndivyo tunavyosema?

Zilichipua. Zote. Majani yalitoka yakielekea chini kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, halafu yakajikunja kupanda. Mke wangu Esnati alicheka: "Baba, banda la tumbaku linazaa matunda! Umeona wapi?" Msimu uliofuata hakucheka tena. Alisema, "Nguzo hizi umezitoa wapi?" Nikamwambia mlimani. Kila mwaka kabla ya mvua nayakata machipukizi kwa panga, na kila mwaka inayotangulia kuchipua ni ileile, nguzo fupi yenye panda. Ukiegemea pale, tumbaku imening'inia juu yako, unahisi kama watu wamesimama wakikungoja umalize kuongea.

Siku ile mwalimu alipowatuma mtafute vijiti vya mkuyu, alikuja kwangu binti huyu, Lusungu. Akazunguka banda lote. Akasema, "Baba, nguzo zako zimesimama kichwa chini."

"Fundi alikosea."

"Zimetoka wapi?"

"Mlimani."

"Mlimani hakuna mikuyu, baba. Bibi yetu husema mikuyu ilikuwa kule makaburini tu." Akaangalia chini. "Naweza kukata vijiti?"

Alikata, akapiga magoti kushukuru, akaondoka. Hakumwambia mtu. Nilingoja aseme. Hakusema, na hilo ndilo lililonishinda.

Mmeniuliza asubuhi mkokoteni wangu umebeba nini chini ya turubai. Banda nimelibomoa. Nguzo ziko pale, na majani yake. Kila moja najua niliitoa wapi, maana vijiti vingi nilivichomeka mwenyewe. Wanafunzi, msipande vijiti vyenu popote tu. Nifuateni nguzo kwa nguzo, tuzirudishe, safari hii kichwa juu. Chifu, kazi ya ulinzi naiweka miguuni pako, na adhabu yoyote nitaipokea. Lusungu, asante, mwanangu. Nyote, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa bila kuinuka.

Bibi Nasibeko, ile yenye panda ni ya Tamandani. Twende tukapige hodi. Vaa viatu vyako, mama. Nitakuonyesha pa kukanyaga.