Jiwe Ndani ya Amplifaya

Kwenye basi la Mzenga, mama mmoja wa kwaya, amplifaya kwapani, alimwona kijana aliyevaa fulana ya kampuni iliyotengeneza amplifaya hiyo, akamtupia jiwe mapajani. "Hili nimelikuta ndani! Mnatuona wajinga?"

Kijana akamwamkia kwanza. "Mama, zetu ni nyepesi kwa sababu hazili umeme mwingi, hazihitaji vyuma vizito ndani. Tulipoziuza bila jiwe, wateja walizinyanyua, wakasema hamna kitu humu, wakazirudisha. Kwani inapiga vibaya?"

"Inapiga vizuri! Ndiyo maana nina hasira!"

Mimi, niliyekaa kando ya kijana, nikajifanya naangalia mihogo ya watu dirishani.

Basi liliposimama Mzenga, mama akateremka akifoka kwamba atawashtaki. Kisha akarudi mlangoni, mkono ameunyoosha. "Lete hilo jiwe. Mchungaji bado hajainyanyua."