Vichwa vya Sato Juu ya Bati

Wapendwa, amani iwe kwenu nyote. Kabla sijaanza, nani ameweka viatu vyake juu ya ndala zangu pale mlangoni? Sawa, nauliza tu. Mtu aliyepita nilikopita mimi anakuwa na tabia ya kuangalia vitu vyake. Mtanielewa nikimaliza.

Wengi wenu mnanijua kwa mshipi. Sina mtumbwi wala sina hisa kwenye mtumbwi wa mtu. Nasimama kwenye yale mawe ya ukingoni, natupa ndoana, na mama watoto anakaanga na kuuza kule Kiseke. Ndiyo kazi yetu tangu tuoane.

Sasa, ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo wenye mitumbwi hawapendi kulisikia. Dhoruba ikipiga ziwa, wao wanaumia na mimi nasubiri. Siku ya upepo wenyewe hakuna anayevua, maana wimbi linapanda juu ya jiwe na linaweza kukuchukua pamoja na mshipi wako, na magugu maji yanasukumwa ukingoni mpaka huoni maji. Lakini upepo ukishatulia, maji ya kandokando yanabaki ya kahawia. Matope yameamka na vidudu vyake, na samaki wanasogea kula. Mitumbwi bado iko mchangani kwa sababu wenyewe hawajaliamini ziwa, na mimi niko jiweni. Kwa hiyo baada ya kila dhoruba, mtaani kwetu ni mtu mmoja tu anayepita na samaki. Mtu huyo lazima atazamwe. Nimetazamwa miaka mingi, na nilikuwa nacheka.

Masika haya yaliyopita kikaja kile kimbunga kilichong'oa mabati. Kesho yake nikashuka ziwani. Minyoo sikupata, mvua ilikuwa imesomba udongo wote wa bustanini, nikachukua ugali uliobaki jana. Wavuvi wa mshipi mliomo humu mnajua, sato wa kwenye mawe anaugusagusa ugali halafu anakuacha na donge lako. Siku ile donge halijazama limeshachukuliwa. Nikavuta mmoja, nikavuta mwingine, mpaka nikaanza kuangalia nyuma yangu kuona kama kuna mtu ananifanyia mchezo.

Nilipofika nyumbani, mama watoto akawamwaga kwenye beseni na kuwapanga. Hakusema pole na kazi. Akampima mmoja na mwenzake.

"Baba watoto, hawa wote wamezaliwa siku moja?"

"Ziwa limetoa," nikamwambia.

"Ziwa lipi hilo linalotoa sato wa saizi moja?"

Nilijua anachofikiria. Ng'ambo ya ile rasi kuna vizimba vya kikundi cha akina mama, wanafuga sato kwenye nyavu ndani ya ziwa na kuwalisha punje za chakula. Sato wa kizimbani wanalingana. Wa ziwani hawalingani, kuna mkubwa na kuna mtoto. Nikamwapia. Akasema amesikia. Kusikia kwake, wapendwa, nilikuwa nakujua.

Haikupita muda habari ikazagaa kwamba kizimba kimoja kimepungua samaki, na wavu wake una tundu. Mlinzi wa vizimba ndiye aliyesema kwamba mimi nimeonekana na sato wanene. Wateja wakaanza kuinama kwenye karai la mke wangu, wanauliza samaki wametoka wapi, halafu wanakumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani. Msimamizi wa ubatizo wa mtoto wetu alivuka barabara asinisalimie. Jumapili nikikaa kwenye benchi hapa kanisani, benchi linabaki langu peke yangu. Humu ndani wapo waliohama benchi lile. Sitaji mtu.

Na mimi nikashuku. Nikamshuku mlinzi, nikasema huyu kachana wavu mwenyewe, kauza, sasa anatafuta wa kumbebesha. Nikamshuku jirani. Mwishoni nikamshuku mke wangu.

Mnashangaa? Sikilizeni. Kila alipokaanga, vichwa alikuwa anavikata na kuvianika juu ya bati. Zamani tulikuwa tunavila kwa supu. Nikamuuliza vichwa vya nini, akajibu, "Vya mama, Sengerema." Baadaye nikaona mfuko wa salfeti umefungwa kamba, umewekwa nyuma ya mlango. Nikajua mke wangu anarudi kwao. Anasubiri tu nipelekwe polisi, apande kivuko. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa kuitwa mwizi. Nilikuwa nalala nimemgeuzia mgongo, nasikiliza kama atafungua ule mfuko.

Tukaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Akina mama wa kikundi walikuwepo, mlinzi alikuwepo, na watu wasiohusika ndio walikuwa wengi zaidi. Nikajieleza habari ya upepo, maji ya kahawia na ugali. Mwenyekiti akamgeukia mke wangu.

"Mama, wewe ndiye unayekaa naye. Unamwamini?"

Akasema, "Hapana."

Ndugu zangu! Pale pale nilimwambia Mungu basi, yatosha.

Lakini mwanamke yule alikuwa hajamaliza. "Sikumwamini," akasema, "ndiyo maana nilimchunguza." Akauburuta ule mfuko wa salfeti, kumbe alikuja nao, akaufungua, akamwaga vichwa vikavu mbele ya mwenyekiti. "Samaki wa kizimbani anatolewa kwa wavu wa mkono, mdomo wake mzima. Fungueni midomo ya hawa."

Wakaanza kuokota na kufungua. Kila kichwa kilikuwa na tundu la ndoana mdomoni. Kumbe kila siku, kabla hajawasha moto, alikuwa anaingiza kidole mdomoni mwa kila samaki niliyemletea. Alikuwa anautafuta wizi wangu, akawa hauoni.

Mlinzi hakukubali. Akasema hata kizimbani mtu anaweza kutupa ndoana. Hapo mama kiongozi wa kikundi akachoka. Akasema twendeni tukaunyanyue huo wavu, maana tangu dhoruba hakuna aliyeunyanyua, wote tulikuwa tunaangalia tundu la juu na kusema. Wakaunyanyua. Chini kabisa kulikuwa na gogo na mizizi yake, limesukumwa na mawimbi, limeingia kwenye wavu na kuuchana mpaka juu. Sato walitoka wenyewe. Wakafika kwenye mawe yangu na njaa yao, wamezoea kulishwa, wakaona donge la ugali.

Yule mama alinishika mkono mbele ya watu. Akasema samaki aliyekwisha kutoka ni wa ziwa, ila siku nyingine nikiona sato wanalingana nipige hodi kwao. Nilikubali, na ninaendelea kukubali.

Kwa hiyo leo namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule aliyesema wavu unyanyuliwe. Nawashukuru mliorudi kwenye benchi, hata mliorudi polepole. Na mlinzi nimemsamehe, tunasalimiana, ingawa akipita nyuma yangu jiweni nageuka.

Somo langu ni hili. Siwaambii msishuku, nitakuwa mwongo, mimi mwenyewe nimeuliza habari ya ndala kabla ya kuwapa ushuhuda. Ila mkinishuku, nishukuni vizuri. Mfungue mdomo wa samaki. Nyinyi mlinishuku mkahama. Mama watoto alinishuku akabaki, akaweka vichwa.

Mpaka leo nikileta samaki, haniambii pole na kazi mpaka aingize kidole kwanza. Na mimi nasimama pale na mshipi wangu begani, nasubiri pole yangu.