Kiboksi cha Pampu Kinadanganya

BIBI: Haloo? Nani huyo asubuhi asubuhi?

MJUKUU: Ni mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mume wangu! Umeshamaliza madirisha ya watu?

MJUKUU: Nimalize wapi! Hata kioo kimoja bado. Pampu inanitoa roho. Fundi hapokei simu, nikaona nikupigie wewe angalau nipumue.

BIBI: Pumua, nakusikia. Simu yangu leo imejaa chaji pomoni.

MJUKUU: Nawasha, maji yanapanda kwenye fimbo ndefu ya kuoshea vioo, brashi inatema mara mbili, kimya. Nazima, nawasha, vilevile! Niko hapa chini ya ghorofa nne na fimbo yangu kama—

BIBI: Mpira haujakunjika?

MJUKUU: Nimeupapasa wote, toka kwenye tangi mpaka kwenye brashi. Tangi limejaa. Nimepunguza kasi, nimeongeza, wapi! Hiki kiboksi cha kuendeshea pampu ndicho kichaa.

BIBI: Chenyewe kinasemaje?

MJUKUU: Eti betri iko chini. Uongo mtupu! Betri ya pampu nimeichaji usiku kucha.

BIBI: Usiku kucha…

MJUKUU: Haloo? Bibi? Mtandao huu nao—

BIBI: Nipo. Uliichomeka wapi?

MJUKUU: Si pale jikoni, nyuma ya mlango. Sasa sikia, nakitoa hiki kiboksi, nafunga waya moja kwa moja kwenye—

BIBI: Weka bisibisi chini.

MJUKUU: Bibi, msimamizi wa jengo huyu hapa anatazama saa! Saa sita wageni wanaingia. Nikishindwa, kazi anampa yule jamaa anayeosha vioo kwa ngazi, na mimi ndio basi tena, narudi kukaa kibarazani na wewe.

BIBI: Weka chini, nimesema. Kiboksi hakina kosa.

MJUKUU: Wewe umejuaje?

BIBI: Pale jikoni tundu la umeme si moja tu?

MJUKUU: Moja, ndiyo.

BIBI: Basi jana umeshalala… simu yangu ikawa inalialia. Nikasema kidogo tu, halafu nitaurudisha waya wako.

MJUKUU: Ukaurudisha?

BIBI: [anakohoa] Usingizi nao, mjukuu wangu.

MJUKUU: Bibi!

BIBI: Nilitaka leo ukipiga kuniambia umemaliza, unipate.

MJUKUU: [bisibisi inaanguka chini]

BIBI: Haloo? Umekata?

MJUKUU: Sijakata. [anashusha pumzi] Saa nzima nakitukana kiboksi.

BIBI: Kiombe radhi. Hiyo gari iliyobeba tangi haina betri yake?

MJUKUU: Inayo… Ngoja. Ngoja! Nyaya za kuamshia gari ninazo. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa—

[simu inakwaruza, mngurumo]

BIBI: Haloo? Uko hai?

MJUKUU: Sikia! Sikia, Bibi!

BIBI: Nasikia kama mvua.

MJUKUU: Kioo cha kwanza hicho! Lo, msimamizi kalowa mpaka viatu— anakuja, anakuja, kwaheri! Usikae mbali na simu!

BIBI: Niende nayo wapi? Chaji ninayo. Yako yote.