Mwavuli wa Bi Chiu Su-chen

Wasikilizaji wapendwa, hapa mjini kwetu Changhua leo ni siku ya nne ya mvua, nami sina sauti ya kuchangamka. Mnivumilie. Juzi tulimzika Bi Chiu Su-chen, mkaguzi wa viwanda kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuangalia kama watu wanaotutengenezea vitu wako kazini kwa hiari yao au wamefungiwa. Miaka ishirini na sita! Na bado aliniambia, "Mdogo wangu, sijamaliza hata mtaa mmoja."

Alianza vibaya. Mwenyewe alitaka niyaseme haya, kwa hiyo nayasema.

Mwaka wake wa pili kazini alitumwa kwenye kiwanda cha zipu cha Bwana Kuo. Akakaribishwa chai, na chai kwetu haikataliwi. Wafanyakazi kutoka Vietnam wakapangwa mstari, kila mmoja na pasipoti yake mkononi.

"Pasipoti mnakaa nazo wenyewe?" akauliza.

"Tunakaa nazo!" wakaitikia kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Bi Su-chen akatoa muhuri wake, akagonga ripoti, akaondoka.

Njiani akakumbuka mwavuli. Akarudi. Hata robo saa haijapita. Akamkuta Bwana Kuo anapita kwenye mstari na mkebe mtupu wa keki za sikukuu ya mwezi, anakusanya pasipoti zote.

"Aa, Bi Mkaguzi! Nawatunzia tu," Bwana Kuo akacheka. "Hawa wanasahau vitu ovyo, kama wewe na mwavuli wako."

Kwenye mstari alikuwapo msichana mmoja, Doan Thi Lua. Mama yake alikuwa mahututi huko kwao Nghe An, Vietnam. Lua alikuwa ameiomba pasipoti yake mara mbili aende kumwona, akanyimwa. Sasa alikuwa ameishika, na mkebe unakuja. Akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatazama ripoti, wino wa muhuri haujakauka. Akachukua mwavuli wake, akaaga.

Mwezi uliofuata mama yake Lua akafa. Lua alikuwa kwenye mashine ya zipu.

Walikutana tena baada ya miaka mitatu, sokoni. Lua alikuwa ameolewa hapa hapa, anauza supu ya tambi.

"Wewe si yule wa mwavuli?" Lua akamuuliza. "Mama aliniita siku tisa."

Binti yake Bi Su-chen, Yi-jung, anakumbuka: "Siku ile Mama hakula. Kuanzia hapo akawa anasahau mwavuli kila kiwanda."

Kusudi, wasikilizaji. Anaaga, anaondoka, robo saa anarudi. Ripoti anaandika baada ya kurudi, na muhuri anagonga nyumbani. Aliiona mikebe. Aliyaona makufuli yakirudishwa milangoni. Wenye viwanda wakamshtukia, wakawa wanamkimbilia mpaka kwenye gari, "Bi Mkaguzi, mwavuli wako!" Basi akasahau miwani. Yi-jung anaapa kwamba kuna siku alisahau kiatu.

Wanunuzi wa bidhaa, wale waliokuwa wakimtuma, wengine walisoma ripoti zake, na watu wakarudishiwa pasipoti zao. Wengine walizifungia ripoti hizo kabatini, wakaagiza zipu zaidi. Alichoka. Hata mimi kusimulia kumenichosha.

Alipolazwa, Lua alimpelekea supu hospitalini. Bi Su-chen akamwomba msamaha.

"Sijui kama naweza, dada," Lua akajibu. "Kunywa kwanza, inapoa."

Yi-jung na familia yote, poleni sana. Poleni mno. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkifunga zipu ya koti kwa mvua hii, jiulizeni aliyeitengeneza ni nani, na pasipoti yake iko wapi. Mkaulize na dukani. Mkijibiwa haraka na kwa tabasamu, ondokeni, kisha mrudi.

Siku ya mazishi, wageni walipokwisha kutawanyika, Lua alirudi nyumbani kwa marehemu. Robo saa haijapita.

"Umesahau nini, shangazi?" Yi-jung akamuuliza mlangoni.

"Mwavuli," akajibu Lua, na mwavuli ameushika mkononi.

Yi-jung akampisha. Lua akawasha udi mbele ya picha ya Bi Su-chen, akakaa naye mpaka udi ukaisha.