Tumbo la Zoubeiri Siku ya Feri

Mwaka wa themanini na tisa, kwenye benchi la kahawa la Mama Halimati mtaani Mangarivotra, Zoubeiri fundi cherehani alikaa na kanzu ya harusi, kikombe hajakigusa. Binti yake Hayrat alikuwa anaolewa Katsepy, ng'ambo ya ghuba, na feri ilikuwa karibu kuondoka. Feri yenyewe haina choo. Tumbo la Zoubeiri, ambalo kwa miaka limekuwa likimsokota, leo linaharisha, kesho limefunga, lilikuwa linanguruma tangu alfajiri. Madaktari walishampima wakasema utumbo hauna kidonda.

Wenzake walibishana kwa Kikomoro chao kilichochanganyika na Kimalagasi. Maoulida, aliyeitwa Redio, alilaumu maji ya bomba la mtaa wa Antanimasaja. Youssoufa, ambaye kijiwe kilimwita Kapteni, akasema kosa ni la pedali: kukanyaga cherehani kunavuta utumbo chini, siku moja utamtokea kisiginoni.

— Basi atibiwe miguu, alisema Mama Halimati, akamwita shangazi yake.

Shangazi huyo, Koulsoum, mama mtu mzima, alikuwa ametoka kisiwa cha Nosy Be siku chache tu nyuma. Huko alikuwa akituliza matumbo ya watu kwa kubonyeza nyayo. Redio alinung'unika kwamba barabarani si mahali pa mambo hayo. Zoubeiri, jasho linamtiririka, akavua kiatu.

Koulsoum akaupakata mguu wa kulia, akazamisha kidole gumba katikati ya unyayo.

— Pumua, baba. Lilianza lini hili?

Redio akatazama kikombe chake. Walijua wote: ni wiki ile ya mauaji ya mwaka wa sabini na sita, Wakomoro walipowindwa mitaani. Waliosalia mjini hawakuwa wakiitaja.

Zoubeiri alihisi kidole kile kinazidi kuzama.

— Tulijificha chini ya magunia, alisema taratibu. Hayrat alikuwa mdogo, akaanza kulia. Nikamziba mdomo. Walipopita, nikaona hapumui. Nilidhani nimemuua.

Koulsoum aliendelea kubonyeza, polepole, mpaka pumzi ya Zoubeiri ikashuka na ule msokoto ukalegea. Haukuisha, ila aliweza kunyoosha mgongo.

Feri ikapiga honi. Zoubeiri akavaa kiatu, akasimama.

— Na likinishika katikati ya maji, mama?

Koulsoum alikuwa ameshajitanda mtandio wake.

— Twende. Mguu wa kushoto sijaugusa bado.