Mzee Tsunekichi Hirabara, Aliyekuwa Ndani ya Dubwana

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi studio, sogeeni mbele, msiviogope viti vya familia. Marehemu baba yetu, Mzee Tsunekichi Hirabara, alizaliwa tarehe 14 Februari 1931 mjini Choshi, mtoto wa tatu wa Bwana Yasaburo, fundi wa mapipa ya mchuzi wa soya, na Bi Ine. Alizaliwa mkubwa mno. Mkunga alimwambia bibi kwamba huyu atakula wazazi pamoja na nyumba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Choshi. Mwaka 1944 darasa lake lilipelekwa kiwandani kwa sababu ya vita, na hakugusa tena daftari mpaka 1947, alipojiunga na masomo ya jioni. Hesabu ilimshinda. Mieleka haikumshinda.

Mwaka 1952 alikwenda Tokyo, akapata kibarua katika studio moja ya Setagaya, kazi ya kuuawa kwenye sinema za kupigana kwa panga. Walisema alikuwa anakufa vizuri, ila urefu wake uliwaharibia picha. Mwaka 1957 wakamvisha vazi la Dubwana, lile jitu la sinema linalotoka baharini kubomoa miji. Filamu za Dubwana zilikuwa zimefika tatu, na mgongo wa aliyemtangulia ulikuwa umekwisha. Vazi lile la mpira lilikuwa zito kama mtu mzima, taa zilichoma, na kila kipande kikimalizika walimvua wakayamwaga majasho kwa kikombe. Jina lake halikuandikwa kwenye bango hata mara moja. Lakini kila mtoto wa Japani alijua anavyotembea.

Huko ndiko alikompata mama yetu, Fumie, aliyekuwa anaziba nyufa za vazi kwa gundi. Siku moja zipu ya mgongoni ilikwama, naye baba akawa analalamika mle ndani kwamba anakufa na joto. Mama akamwambia, "Sema kwanza Jumapili unanipeleka wapi." Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1959, wakajaliwa watoto wawili, mimi Yaeko na mdogo wangu Kenkichi.

Sasa nifike pale baba mwenyewe alipotaka nifike. Alinishika mkono hospitalini akasema hili lisomwe, na lisomwe Bwana Mizoe akiwa ameketi. Bwana Mizoe, nimekuona, upo.

Bwana Kaneharu Mizoe ndiye aliyejenga miji ya Dubwana, nyumba za plasta zenye kimo cha goti, na vioo vyake na nyaya zake za umeme. Mji wa namna hiyo hubomolewa mara moja tu. Ukikosea, hakuna mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha, yeye na baba walivua viatu, wakapita mitaani na soksi, Mizoe akionyesha: hapa kanyaga, hapa piga mkia, hapa pita zako.

Mwaka 1962, kwenye filamu ya saba, Mizoe alijenga pembeni mwa mji duka la tofu, ile jibini ya soya, la wazazi wake, lililokuwa mtaa wa Honjo, Tokyo. Duka lenyewe liliteketea kwa mabomu ya Machi 1945, baba yake akiwa ndani, na haikubaki hata picha. Mama yake, Bi Toyo, alishona kwa mkono wake pazia la mlangoni, jembamba kama kidole. Dubwana alitakiwa apite kulia arudi baharini, na duka lionekane limesimama mwisho wa filamu, mama alione. "Kushoto usiguse, Tsune," Mizoe alimwambia. Baba akaahidi.

Kamera zilipowashwa, baba alipita kushoto. Duka lilikwenda kwa teke moja. Mwongozaji alifurahi, akakiingiza kipande kile kwenye filamu. Baba alisema vazi lilimziba macho, na watu wakaamini, maana mle ndani huoni ila kwa vitundu vya shingoni. Bi Toyo alikwenda sinema siku ya kwanza, amevaa kimono chake kizuri. Alitoka kabla haijaisha. Alipofariki mwaka 1968, baba hakwenda msibani. Alisema ana homa. Mama alimgusa paji la uso, lilikuwa baridi.

Tangu filamu ile, baba alikuwa anauinamia mji kabla ya kuubomoa, akiwa ndani ya vazi lake lote. Wenzake walimtania kwamba Dubwana anabisha hodi. Alilivua kabisa mwaka 1970, akachochea tanuri la bafu la umma la mtaa wetu, Komae, mpaka 1996. Filamu ile ikianza kwenye televisheni, alitoka kwenda kununua sigara, naye havuti.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2006. Aprili ya mwaka huu akamwita Bwana Mizoe hospitalini. Mimi nilikuwa namenya tufaha.

"Kaka Mizoe, siku ile nilikuwa naona," baba alisema.

Bwana Mizoe akamwambia aache hayo, yamepita.

"Nisikilize. Mwongozaji alikuwa anapiga kelele, bomoa, bomoa, na mwili umeshapata moto. Lile duka lilikuwa zuri kuliko nyumba zote. Nikataka nilipige."

"Pazia uliliona?"

"Nililiona. Nilijua ni lenu."

Bwana Mizoe aliangalia tufaha likigeuka rangi kwenye sahani. Halafu akasema, "Tsune, wewe mjinga wa kutupwa. Langu nimekusamehe. Ungesema zamani, tungekunywa pamoja miaka yote hii. Lakini la mama siwezi kukusamehe. Si langu hilo."

Baba akaitikia kwa kichwa. Alimshukuru kwa kutomdanganya.

Alifariki tarehe 9 Juni 2008, akiwa na miaka sabini na saba. Ameacha mjane, Bi Fumie, watoto, Yaeko na Kenkichi, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Kiku wa Choshi. Ameacha pia Bwana Kaneharu Mizoe, aliyekuja jana kuomba aandikwe hapa pamoja na familia, na tumemwandika.

Baba, mapumziko yako yawe ya amani. Ila ukifika usiketi kwanza. Mtafute Bi Toyo umwambie mwenyewe, maana sisi wa huku hatuna la kukusaidia.